Presha ya ukoo: damu au mchuzi?

"Presha kwetu ni ya ukoo." Huku Pemba utaisikia Wete, utaisikia Mkoani, na mara nyingi anayeisema keshaacha vidonge. Ana hoja? Anayo, tena nzito.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya picha za ubongo za jozi 145 za mapacha, wanaume wazee waliotumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walitafuta madoa meupe, alama za mishipa midogo ya damu iliyochakaa, mara nyingi kwa presha. Madoa yakizidi, hatari ya kiharusi na ya maradhi ya kusahau hupanda. Pacha wa kufanana jeni zao ni zile zile. Wasiofanana hushirikiana kama nusu, sawa na ndugu wowote wa baba na mama mmoja. Kwa kuwalinganisha, watafiti wakakadiria kuwa asilimia 71 ya tofauti za madoa baina ya watu hao ni urithi. Mwaka 2004, kwa familia za Framingham, mji wa Marekani, makadirio yalikuwa asilimia 55.

Lakini ile asilimia 71 haisemi kwamba karibu robo tatu ya maradhi yako umezaliwa nayo. Inapima tofauti ndani ya kundi. Wote wakila chumvi kwa kiasi kimoja, chumvi haionekani kwenye hesabu, hata kama inawamaliza wote.

Na huku kwetu mabinamu huoana, na chungu kimoja cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, hulisha babu, mtoto na mjukuu. Ukoo kama huo hurithishana jeni na mchuzi kwa mpigo. Bila ya kina Hassan na Hussein, nani atavitenganisha?

Wanaosema "yote ni chakula" nao wanazidisha. Wapo watu wembamba, wasiogusa chumvi, na presha iko juu. Kuwalaumu ni dhulma.

Hata hivyo vidonge sivitupi. Jaribio la SPRINT la Marekani, mwaka 2019, lilionesha kuwa walioshushwa presha, ile namba ya juu, chini ya 120 walipatwa kwa uchache zaidi na udhaifu mdogo wa kumbukumbu na fikra kuliko walioachwa chini ya 140. Kwa maradhi kamili ya kusahau tofauti haikuthibitika. Jaribio lilikatizwa mapema. Jeni za mtu hazikuguswa.

Na ikiwa presha ya mtu kweli ni ya ukoo, mashine ya presha ingezunguka kwa ndugu zake wote, hata wale wa miaka thelathini wanaocheza mpira kila jioni.