Mwatiko na lango la maji: silika au starehe?

Bamvua linapoanza kujaa nyuma ya mikoko ya Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, huhitaji kurusha chakula ili uwaone mwatiko. Fungua lango tu. Maji ya bahari yakiingia bwawani, samaki waliokuwa wametawanyika hugeuza vichwa, wakajipanga mbele ya mkondo na kubaki palepale, mikia ikipiga kidogo kidogo. Mzee mmoja mfugaji alisema mbele yangu, "Waone wanavyostarehe." Mjukuu wake, aliyesomea ufugaji wa samaki, akacheka: "Babu, samaki hana starehe. Hiyo ni silika tu."

Hilo neno "tu" ndilo lililonikalisha kuandika.

Kwamba silika ipo, hakuna ubishi. Samaki hupokea maji mdomoni na kuyatolea kwenye matamvua, kwa hiyo akielekea mkondo pumzi inakuwa nyepesi. Chakula nacho huja na maji, na asiyejishikilia hupelekwa. Wafugaji wa Ufilipino wanaijua tabia hii kiasi cha kuitumia kuvunia mwatiko: hupunguza maji ya bwawa, husubiri bahari ijae, hufungua lango, na samaki wenyewe hupanda mkondo hadi kwenye kidimbwi cha kuwanasia. Anayeona starehe hapo, mjukuu angesema, amuulize samaki akiwa kikaangoni.

Ila hata hiyo silika si nyepesi kama inavyosemwa. Samaki aliyebebwa na maji hahisi kusukumwa, kama vile aliyemo kwenye ngalawa inayochukuliwa na mkondo usiku wa giza asivyojua kama anakwenda au amesimama. Lazima apate cha kulinganisha: aione sakafu, auguse mchanga. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba vifaranga vya zebrafish, samaki wadogo wenye milia wanaofugwa maabara, wasipoona kitu, hutumia vihisio vya ubavuni kupima jinsi kasi ya maji inavyotofautiana kuuzunguka mwili, wakalinganisha na ilivyokuwa punde kabla, ndipo wakaamua kugeuka. Kiumbe anayelinganisha sasa na punde kabla amekwishaanza kufanya kazi kubwa kuliko ile ya mlango wenye springi.

Silaha kali ya watu wa "tu" ni samaki mfu. Kuna msemo kwamba samaki mfu ndiye anayefuata maji. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha jambo la kushangaza: walimweka trauti (samaki wa maji baridi) aliyekufa, mwili bado mlaini, nyuma ya nguzo iliyosimama katika mfereji wa maji yanayokwenda. Maji yaliyopita kwenye nguzo yalikuwa yakizunguka-zunguka kwa zamu, kushoto kisha kulia, yakaupinda mwili wake huku na huku kama anayeogelea. Maiti ikapanda mkondo, ikaisogelea nguzo. Sasa basi, wanasema, kama mfu anapanda, kupanda kwa aliye hai kunathibitisha nini?

Nimelizungusha hili kichwani kwa siku kadhaa, na kila nikilirudia naliona linamsaidia mzee zaidi kuliko mjukuu. Hoja kubwa dhidi ya starehe imekuwa siku zote kwamba kupanda mkondo ni kazi, na nani anafurahia kazi asiyolipwa? Yule trauti mfu ameivunja hoja hiyo. Mahali pakiwa pazuri, maji yenyewe ndiyo yanayofanya kazi. Tena mwaka 2003 ilishapimwa kwa trauti hai: wakikaa nyuma ya nguzo, misuli yao hutumika kidogo kuliko wakiogelea kwenye maji yaliyonyooka. Mfu aliwekwa pale kwa mkono wa mtu. Aliye hai hupatafuta mwenyewe, akapapata, akakaa. Huko kutafuta na kukaa ndiko mfu asikoweza kukuigiza, na ndiko mzee alikokuwa akikutazama.

Kuna jambo jingine ambalo naona halitajwi vya kutosha. Mwaka 2000 trauti waliochoshwa kabisa kwa kuogeleshwa waligawanywa: wengine wakaachwa kwenye maji yaliyotulia, wengine wakapewa mkondo wa polepole. Waliokuwa mkondoni ndio waliorudisha nguvu upesi, na homoni ya msongo, kotisoli, haikuwapanda damuni kama ilivyowapanda wenzao waliopumzishwa. Yaani maji yaliyotulia ndiyo yaliyowasumbua. Wafugaji wa salmoni nao wamefaidika na hili: mkondo wa wastani, kama urefu wa mwili mmoja hadi mmoja na nusu kwa sekunde, huwakuza samaki vizuri na kuwapunguzia ugomvi. Homoni haisemi "nafurahi", nakubali. Ila nikiambiwa nichague neno la kawaida la kiumbe ambaye mwili wake hutulia anapofanya jambo, "starehe" halionekani kwangu kuwa la kitoto.

Na kama samaki hawezi kucheza kabisa, tuwafanyeje wale wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa perege wetu, ambao mwaka 2015 iliripotiwa kwamba walikuwa wakikipiga vichwa kipimajoto kinachojiinua kila kikiangushwa, bila chakula chochote cha kuwalipa?

Upande wa pili una onyo moja ambalo mzee hapaswi kulipuuza. Maji ya bahari yenye nyuzi 30 hubeba miligramu 6 hivi tu za oksijeni kwa lita, hata yakishiba. Usiku mwani nao huivuta, na alfajiri ndipo huwa imebaki haba. Samaki wanaokimbilia lango saa kumi na moja asubuhi, midomo juu, wanahema. Anayewatazama akasema wanacheza atakuja kuwaokota wakielea. Perege naye, hasa dume anayelinda kiota chake chini, hatakimbilia lango kwa kukufurahisha wewe.

Kwa hiyo saa ndiyo muhimu. Mzee alifungua lango alasiri, maji yakiwa safi na samaki wameshiba, na walikuja vilevile. Mjukuu safari hii hakucheka. Alisema labda wamezoea kwamba lango huleta chakula. Inawezekana. Dawa yake ni mifereji miwili iliyotoka bwawa moja, oksijeni sawasawa, chakula hakuna, mmoja unatembea na mwingine umetulia, kisha samaki waachwe wachague. Mzee amekubali kutoa kona ya bwawa. Pampu, amesema, atanunua mjukuu.