Anayebonyeza "kubali" ni fundi, taarifa ni zako

Huku Mbeya ubishi wa kompyuta kutuma taarifa kwa waliotengeneza hauishi, huyu anasema Microsoft, wenye Windows, wanatuchungulia, yule anasema acheni uoga hizo ni ripoti za kawaida tu. Wote wana hoja ila hawagusi panaponiuma mimi.

Nenda Kabwe au Mwanjelwa ukapigiwe Windows halafu mwangalie fundi. Mashine ikiwaka mara ya kwanza inauliza, ijue ulipo? itume taarifa za ziada za matumizi yako? matangazo yakufuate? Fundi ana foleni ya mashine mezani, anabonyeza kubali kubali kubali, hata dakika haiishi, na wewe umekaa kwenye benchi unachati. Ukiondoka hapo, kwa kampuni wewe ndo umeridhia.

Kampuni nazo zisikilizwe. Windows inakaa kwenye mashine za kila aina, bila ripoti za kukwama watajuaje apdeti gani inaangusha mashine zipi? Shida ni kwamba watu wakiogopa wanazima mpaka apdeti zenyewe, na hilo ni kosa kubwa kwa kweli, kile kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela, WannaCry, kilivyosambaa duniani Mei 2017 apdeti ya kukikinga ilishatolewa tangu Machi. Kupokea apdeti ni jambo moja, kutuma taarifa zako ni jingine.

Ila kwamba zote zinahitajika, hapo nakataa. Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda taarifa binafsi, iliwapa Microsoft miezi 3 wajirekebishe maana Windows 10 ilikuwa inachukua mpaka programu ulizoweka na muda unaotumia kwenye kila moja. Kufika 2017 wakapunguza karibu nusu ya taarifa zinazotumwa hata ukichagua kiwango cha chini kabisa, na Windows ikaendelea kupiga kazi kama kawa, sasa ile nusu ilikuwa ya nini? Na bando la kuzituma unanunua wewe.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ridhaa ni jambo kubwa humo. Ridhaa ya fundi siyo yangu jamani. Akifika kwenye yale maswali akugeuzie kioo ujibu mwenyewe, kama keshamaliza ingia setingi, upande wa faragha, uzime zile za ziada. Za lazima kwenye Windows ya nyumbani (Home) hakuna pa kuzizima, na hizo ndo za kuidai kampuni, siyo fundi.