Anayefunga mafaili ya modi yake hajatuibia

Fungua folda ya gari lolote la gemu ya mbio za magari ya Assetto Corsa lililotengenezwa na shabiki, yaani modi. Utakuta faili la umbo, picha za rangi, sauti, na faili moja liitwalo data.acd. Hilo ndilo gari lenyewe: uzito, matairi, springi, injini, breki, hewa inavyolikandamiza. Limefungwa, lakini ufunguo wake unatokana na jina la folda, kwa hiyo mwenye ujuzi kidogo tu hulifungua kwa dakika moja. Miaka ya karibuni watengenezaji wengi wamehamia kwenye kufuli zito zaidi, lile lililoletwa na nyongeza ya mashabiki iitwayo Custom Shaders Patch, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Wachezaji wanasema huu ni uchoyo. Modi, wanasema, zimekua kwa watu kuachiana kazi, na anayefunga leo alijifunza jana kwa kuchungulia mafaili ya wenzake.

Hoja hiyo ina uzito na nitairudia. Ila naona wengi wanaoitoa hawajawahi kukesha na mafaili hayo, na wanadhani kutengeneza gari ni kulichora. Uchoraji ni sehemu inayoonekana kwenye picha, ndiyo maana inasifiwa. Iliyobaki haipigwi picha.

Chukua jambo linaloonekana dogo kuliko yote: uzito. Assetto Corsa inataka uzito wa gari pamoja na dereva, bila mafuta. Kitabu cha gari hakikupi namba hiyo. Kwa kipimo cha DIN cha Ujerumani, uzito unaochapishwa ni wa gari lenye mafuta asilimia 90 ya tangi, bila dereva. Kwa kipimo cha Umoja wa Ulaya ni mafuta hayohayo, lakini unaongezwa kilo 75 za dereva na kibegi chake. Sasa tuseme umeipata namba mahali, kilo 1,300, na tangi ni la lita 60. Asilimia 90 ni lita 54, takriban kilo 40. Kama namba ni ya DIN unatoa 40 na kuongeza 75, unapata 1,335. Kama ni ya Ulaya unatoa 40 basi, unapata 1,260. Tofauti ni kilo 75: abiria mzima ambaye ama amekaa garini siku zote bila mchezaji kumwona, ama ameshushwa asijulikane aliko. Na aliyeichapisha namba hiyo mara nyingi hasemi alitumia kipimo kipi. Unatafuta vipeperushi vya zamani vya kiwanda, vya nchi mbili au tatu, unalinganisha, na hatimaye unaandika tarakimu nne kwenye mstari mmoja.

Mstari wa jirani yake ni wa inesha, yaani namna gari linavyogoma kuanza kuzunguka na linavyogoma kuacha. Gemu inautaka kama sanduku: upana, kimo na urefu kwa mita. Ukiandika vipimo kamili vya bodi, gari mara nyingi linaingia kona kivivu, kwa sababu ncha zake, bampa na buti tupu, hazibebi uzito kama sehemu ya katikati. Basi unapunguza. Kwa kiasi gani? Kwa magari mengi ya barabarani namba hiyo haijachapishwa popote. Unapunguza, unaendesha, unatazama pua ya gari, unarudi kupunguza tena.

Na hayo ndiyo mepesi. Matairi ndiyo yanayowashinda watu. Fomula inayotumika sana duniani kueleza mshiko wa tairi ni ile iliyotokana na kazi ya Hans Pacejka na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1980, wakaiita fomula ya ajabu, na ajabu yake ni kwamba imeundwa ili ifuate mkunjo wa vipimo vilivyopatikana kwenye mashine. Bila vipimo vya tairi husika, haina cha kufuata. Vipimo hivyo viko kwa kampuni za matairi, na kampuni hizo huvitunza kama siri ya biashara. Shabiki hana mashine wala hana mkataba. Anachofanya ni kutafuta video ya gari halisi likizunguka njia ya mbio inayojulikana, kusoma kasi kwenye dashibodi fremu kwa fremu, kukadiria nguvu ya kona kutokana na kasi na upana wa mzunguko, kisha kusogeza namba za tairi mpaka gari la kwenye kompyuta lipite kona ileile kwa kasi ileile. Hata hapo hajui kama amepata tairi sahihi au makosa mawili yaliyofutana.

Wajenzi wa njia za mbio wana mateso yao, na nitayapitia haraka. Fizikia ya Assetto Corsa hupigwa hesabu mara 333 kwa sekunde. Gari lililo kwenye kilomita 200 kwa saa husogea takriban sentimita 17 kati ya hesabu moja na nyingine, kwa hiyo tairi linahisi kila kivimbe unachoweka na kila kivimbe ulichosahau. Serikali ya Uingereza, kupitia Environment Agency, hutoa bure vipimo vya ardhi ya England vilivyochukuliwa kwa leza kutoka angani, na ni msaada mkubwa kwa anayejenga njia ya huko. Lakini hata ukipata vile vya kila mita moja, kingo za kona ambazo madereva huzipanda zinapotea ndani ya mita hiyo, pamoja na viraka vya lami. Kampuni kubwa hutuma gari lenye kipima leza likapita njiani. Shabiki anajaza kwa macho na picha.

Sasa weka kazi hiyo yote kwenye faili lililo wazi, uone kinachoipata. Kuna wanaonyofoa umbo la gari kutoka gemu kubwa za kibiashara, tena bila ruhusa ya waliolichora, kisha wanahitaji fizikia ya kuliweka ndani. Wanaitoa wapi? Wanafungua gari la mtu mwingine linalofanana, wananakili kila kitu, wanabadilisha jina na nguvu ya injini. Kwa saa chache wana gari "jipya", na baadhi yao wanaliuza.

Yamenikuta. Nilikaa wiki tatu na springi za nyuma za gari dogo linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, nikitaka liinue gurudumu la ndani kwenye kona kama lile halisi linavyofanya. Likainua. Nikalitoa bure, mafaili wazi, kwa moyo mweupe kabisa. Miezi kadhaa baadaye mtu nisiyemjua akaniandikia kuuliza kwa nini gia ya nne ya gari alilolinunua ni fupi kupita kiasi. Ameona linafanana na langu, huenda nikamsaidia. Lilikuwa gari jingine, la kiwanda kingine, lenye injini nyingine. Nikalifungua. Kwenye gia ya nne nilikuwa nimekosea, tarakimu mbili zilibadilishana nafasi nikichapa usiku, na kosa langu lilikuwa mle ndani, tarakimu kwa tarakimu. Springi nazo zilikuwa zangu. Yule mnunuzi alikuwa amelipia usiku wangu wenye kosa, na kwangu ndiko alikokuja kuomba msaada. Fedha sikuidai wala sikuitaka. Kilichonichoma ni kuona springi zilizopangwa kwa uzito na tairi za gari moja zimetupwa chini ya gari jingine, ambalo halijui zinatoka wapi, na mchezaji akiamini hivyo ndivyo gari lile linavyoendeshwa.

Wanaotaka mafaili yabaki wazi wana historia upande wao, na ni historia nzuri. Gemu ya Grand Prix Legends ya kampuni ya Papyrus ilitoka mwaka 1998 ikiwa na msimu wa mbio wa 1967 tu. Mashabiki waliichimba wenyewe mpaka ikapata misimu mingine, na kila aliyevumbua mbinu aliwaonyesha wenzake. Gemu ya rFactor ilipotoka 2005 ilikuja tayari imefunguliwa kwa modi, na kizazi kizima kilijifunzia humo kwa kusoma mafaili ya wengine. SimBin ya Sweden ilianza kama kikundi cha watu waliotengeneza modi ya magari ya GT kwa gemu ya F1 2002, kisha ikawa kampuni na kutoa gemu ya GTR 2 mwaka 2006. Kampuni ya gemu ya Reiza ya Brazili nayo ilitokana na watu wa modi. Kama kila mtu angefunga siku zile, sidhani kama majina hayo tungeyajua.

Kuna na hoja ya pili, ambayo kwangu ndiyo kali zaidi. Mtengenezaji hupotea. Anapata kazi au mtoto, anachoka, anafariki. Gemu inasasishwa, gari lake linaharibika, na kufuli linabaki bila mwenye ufunguo. Waandaaji wa ligi za mbio za mtandaoni wanalijua hili vizuri: msimu unaendelea, gari moja lina hitilafu ya breki inayorekebishika kwa mstari mmoja, na hakuna anayeweza kuufikia mstari huo. Assetto Corsa yenyewe ilitoka kikamilifu Desemba 2014, na inachezwa mpaka leo kwa sababu watu waliendelea kuishonea viraka. Mvua haikuwemo, wala usiku. Vyote vililetwa na Custom Shaders Patch. Gemu iliyofungwa isingefika hapo. Kunos wenyewe, kampuni iliyotengeneza Assetto Corsa, walipotoa Assetto Corsa Competizione mwaka 2019, hawakuruhusu kuongeza magari wala njia, na tofauti ya maisha ya gemu hizo mbili inaonekana kwa macho.

Na kuna swali ambalo watengenezaji hatulipendi: mali hii ni ya nani hasa? Umbo la gari na nembo yake ni vya kiwanda. Kwa miaka mingi, hadi 2016, kampuni ya gemu ya Electronic Arts walishikilia leseni ya Porsche peke yao, na gemu nyingi za wengine zikalazimika kuweka RUF, magari ya kampuni ndogo ya Ujerumani yanayojengwa kwa misingi ya Porsche, badala yake. Mashabiki walizitengeneza Porsche bila kumwuliza mtu, wakazigawa. Basi mtu aliyechukua Porsche 911 bila ruhusa anasimamaje kulalamika kwamba 911 yake imechukuliwa?

Nimelifikiria sana hili, na jibu langu linatenganisha vitu viwili. Umbo na jina si vyangu, na kiwanda kikisema niondoe, nitaondoa siku hiyohiyo. Lakini zile 1,335, lile sanduku la inesha, mkunjo wa tairi nilioukadiria kwa fremu za video, hivyo havikuchukuliwa kwa mtu. Havikuwepo. Sina hakika hakimu angelionaje, na sheria za nchi hazifanani, ila tofauti kati ya aliyetafuta namba na aliyeinakili haihitaji hakimu.

Fedha imeongeza moto. Aprili 2015 Valve, wenye duka la gemu la Steam, na Bethesda, waliotengeneza gemu ya Skyrim, walijaribu kuuza modi za Skyrim kwenye duka hilo, mtengenezaji akipewa asilimia 25, na ghadhabu ya wachezaji iliufuta mpango huo ndani ya siku chache. Tangu hapo neno "kulipia" likitajwa karibu na modi, watu wanasikia ulaghai. Nawaelewa, kwa kuwa wauzaji wengi wanaowaona ni hao wa kunyofoa. Lakini anayeathirika zaidi sokoni hapo ni yule aliyetengeneza kwa mkono, maana mnunuzi hawezi kumtofautisha na mwizi: picha zao zinang'aa sawa. Kufuli ndilo kitu pekee alicho nacho, maana mahakamani hawezi kwenda na umbo la kiwanda mkononi.

Kwa hiyo simlaumu anayefunga. Ninachomwomba ni asifunge kama anayeondoka na ufunguo kaburini. Namba alizozipata aandike alizipataje: uzito kwa kipimo gani, tairi kwa video ipi, kipi alipima na kipi alikisia. Maelezo hayo humfundisha mwanafunzi kuliko faili lenyewe, kwa kuwa faili linampa 1,335 bila kumwambia kwa nini, na mwizi hana kazi nayo. Na nakala iliyo wazi iwekwe kwa watu wanaoaminika, kwa makubaliano kwamba mwenyewe akikaa kimya kwa muda fulani, inafunguliwa.

Wengine watasema huo ni utaratibu mwingi mno kwa kitu cha kuchezea. Waandaaji wa ligi niliozungumza nao hawakusema hivyo. Walichouliza ni muda uwe miezi mingapi, na kama hitilafu ya katikati ya msimu inaweza kusubiri kiasi hicho. Mimi nilipendekeza kumi na miwili. Wao walitaka sita, na nadhani walikuwa sahihi.

Toleo la pili la gari langu dogo limefungwa. Gia ya nne imerekebishwa, na kwenye maelezo yake nimeandika springi zile zilivyopatikana, kona ipi, video ya dakika ngapi, na mahali nilipokisia. Nakala iliyo wazi wanayo wenzangu wawili, na miezi sita imeanza kuhesabiwa tangu siku niliyoitoa.