Kikoi si sketi, jamani

Juzi mlinzi wa ofisi moja hapa Dar kanizuia getini. "Kaka, humu haturuhusu sketi." Sketi! Kikoi changu cha pamba, matamvua yake yote, nimekifunga vilevile babu alivyonifundisha kule Pemba. Kwetu mwanamume anaswali na msuli, anakunywa kahawa barazani na msuli, analala nao. Na kwa joto hili la Februari, nani mwenye akili timamu anajifungia mapaja ndani ya jinzi?

Mmasai akipita na lubega lake, ah, utamaduni. Akija Mskoti na kilti, lile vazi lao la miraba la kufunga kiunoni, mtagombania kupiga naye picha. (Waskoti wenyewe yaliwakuta: mwaka 1746 Bunge la Uingereza liliwakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa kilti, mpaka sheria ikafutwa 1782. Mlinzi wangu angepata kazi huko bila usaili.) Mimi wa Pwani, kwenye mji wa Pwani, ndiye nimevaa sketi.

Nikanunua suruali ya mtumba ng'ambo ya barabara, elfu nane. Fomu nimesaini nimesimama, maana kukaa haikaliki.