Mwimbaji wa "Human Sacrifice" aliikana imani. Je, albamu itupwe?

Roger Martinez alikuwa mchungaji alipoimba kwenye "Human Sacrifice", albamu ya thrashi metali (muziki wa roki wa kasi na wa gitaa zito) ya Vengeance Rising, bendi ya Los Angeles, iliyotoka mwaka 1988. Miaka michache baadaye aliikana imani ya Kikristo hadharani, akawa mpinzani wake. Tangu hapo Wakristo wanaopenda muziki huu hawaelewani: wengine wanasema albamu haifai tena, wengine wanaendelea kuisikiliza.

Wanaoikataa wana hoja. Wimbo wa injili ni ushuhuda, na shahidi akigeuka, kesi hutikisika. Humo mna wimbo uitwao "Receive Him", yaani mpokee Kristo. Kuusikia huku ukijua aliyeuimba ameondoka kunauma.

Lakini albamu hii ilihukumiwa hata kabla ya hapo. Jalada lake linaonyesha mkono uliopigiliwa msumari, na baadhi ya maduka ya vitabu ya Kikristo yakakataa kuiuza. Kwa bendi ya Kikristo enzi zile, maduka hayo ndiyo yaliyokuwa soko, kwa hiyo kukataliwa huko hakukuwa jambo dogo. Na kosa lilikuwa nini? Waebrania 9:22 inasema pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo. Sisi wenyewe tunaimba kwenye Tenzi za Rohoni damu ya Imanueli iliyobubujika, wenye taka wakaoga humo, na watoto wameketi benchi la mbele. Hakuna anayeshtuka. Msalaba wa dhahabu shingoni haumsumbui mtu, ila picha ya kile msumari ulichofanya kwenye mkono wa mtu ikaitwa chukizo. "Beheaded", wimbo wa mwisho, nao jina lake linatisha mpaka ufungue Ufunuo 20:4, kwenye roho za waliokatwa vichwa kwa ajili ya ushuhuda wa Yesu.

Kuhusu sauti, nakubali: Martinez ananguruma, na mgeni hataambulia neno. Warumi 10:17 inasema imani huja kwa kusikia. Ila Los Angeles ndiko walikotoka Slayer, bendi maarufu ya thrashi, na vijana waliolengwa walikuwa wameshazoea kusikia maneno ndani ya ngurumo kama hiyo.

Turudi kwa aliyeondoka. Kanisa la Afrika ya Kaskazini liligombania jambo la jinsi hii katika karne ya 4. Wadonati, kundi la Wakristo waliojitenga, walisema ubatizo uliotolewa na askofu aliyeisaliti imani wakati wa mateso si ubatizo. Askofu Augustino wa Hippo akawapinga: kinachotolewa ni cha Kristo, hakiharibiki kwa mkono uliokitoa. Albamu si sakramenti, najua. Hata hivyo nyimbo hizi hazisimulii maisha ya Martinez. Zinasimulia kifo na ufufuo wa mwingine, na hayo hayakutegemea yeye abaki au aondoke.

Tena hakuwa peke yake. Wenzake wanne waliopiga naye walijitoa mwaka 1990, na katika miaka ya 2000 wakarudi jukwaani kama Once Dead, wakazipiga nyimbo zilezile na mwimbaji mwingine. Kuitupa albamu kwa sababu ya mmoja ni kuwanyang'anya wanne kazi yao ambayo hawajaikana.

Mimi ningeipigia vijana wa kanisa, na ningewasimulia habari ya Martinez kabla ya wimbo wa kwanza, wasije wakaisikia kwanza kwa mtu anayetaka kuwacheka.