Sheria ya 1937 haiangalii kifo, inaangalia mateso

Kuna makala inayodai wakaguzi wa filamu wa Uingereza walilegea mwaka 2011 walipoipitisha Cannibal Holocaust (1980), filamu ya kutisha ya Kiitaliano ambamo wanyama waliuawa kweli, kwa kukata sekunde 15 hivi tu. Si kulegea. Sheria yao ya 1937 kuhusu wanyama katika filamu inakataza tukio lililopangwa kwa ajili ya kamera ambamo mnyama anateswa au kutiwa hofu kikatili. Kuua upesi, kwa pigo moja, hakuguswi. Ndiyo maana kobe wa majini aliyekatwa kichwa akabaki, ila koati (mnyama mdogo wa Amerika, jamii ya rakuni) aliyechomwa kisu huku akilia akaondolewa. Kwangu kibaya zaidi ni kipande cha kima: kilirekodiwa mara mbili, kwa hiyo waliuawa kima wawili. Nacho, sheria hiyohiyo inakiruhusu!