Steringi Katukana, Mkanda wa Makaburu Je?

Mel Gibson, yule steringi wa Hollywood, akitajwa kijiweni, hakosi wa kusema, "Zima hiyo." Wana sababu. Mwaka 2006 alikamatwa Malibu akiendesha gari amelewa, akawaporomoshea Wayahudi matusi mbele ya polisi. Mwaka 2010 zikavuja sauti zake akimtukana mzazi mwenzake, na humo ndani watu weusi nao wakapata lao. Mwaka uliofuata hakupinga mahakamani shtaka la kumpiga mama huyo. Pombe si chai, sawa, lakini zile sauti za 2010 hazikuwa za kituo cha polisi usiku wa manane.

Anayekataa kumlipia leo simlaumu hata kidogo.

Ila mkanda wake wa Lethal Weapon 2 wa 1989 siuzimi. Adui mle ndani ni makaburu: maofisa wa ubalozi mdogo wa Afrika Kusini wanaouza unga Los Angeles, na polisi wakiwagusa tu wanadai kinga ya kibalozi. Mandela bado yuko gerezani. Hebu fikiria picha hiyo inaangaliwa Dar es Salaam, mji uliobeba makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1963! Mwishoni kaburu mkubwa anainua kitambulisho chake juu, anatamba kwamba ana kinga. Danny Glover, askari mweusi, anazungusha shingo taratibu kama mtu aliyetoka usingizini, analenga, anafyatua. Kwenye kibanda umiza nilichoionea, hakuna aliyebaki kwenye benchi. Jamaa mmoja alimwagiwa kahawa na wala hakugombana.

Shangwe ile ilikuwa ya Glover, ambaye mwaka 1987 aliigiza kama Mandela mwenyewe. Ilikuwa pia ya mwongozaji, Richard Donner. Ukiufuta mkanda ili kumkomoa Gibson, umewafuta na hao, na makaburu wamepona. Tena kiingilio chetu cha kibandani, tusidanganyane, hakikuwahi kufika California.

Filamu yake nyingine, Braveheart, ndiyo inayonipa tabu: steringi yeye, mwongozaji yeye, na Oscar ya uongozaji kachukua yeye. Hapo wa kujificha nyuma yake simwoni.

Juzi mpwa wangu alinikuta naangalia ile ya makaburu. "Anko, huyu si yule anayetukana weusi?" Nikamwambia ndiye. Akavuta stuli, akaniuliza yule mwingine anaitwa nani.